Siku Redio ya Mzee wa Kwaya Ilipolia Mchana Kutwa

Mimi hakuna kitu cha dunia hii kinachoweza kunishangaza. Sisemi kwa kujisifu, ingawa wanaonijua wanajua kwamba vya kujisifia ninavyo. Nilikuja Mwanza kutoka Magu na kaptula moja na shati la kuazima. Darasa la tatu sikulimaliza. Nikaanza kwa kubeba matenga ya samaki pale Kirumba, na leo nina duka, nina mashine ya kusaga, na nina pikapu ambayo ikipata mipira inatembea. Nimeona duka la ushirika lenye rafu tupu na muuzaji wake ameketi, anapiga miayo, anasubiri saa ya kufunga kana kwamba amechoka kwa kuuza. Nimeona watu wakipanga mawe kwenye foleni ya sabuni, kila mtu na jiwe lake, wenyewe wamerudi nyumbani kulala, na jiwe la mtu likisogezwa panapigwa ngumi. Nimeona mwanamume mwenye wajukuu analia kwa ajili ya kilo moja ya sukari. Baada ya hayo nishangae nini tena?

Kwa hiyo nikiandika habari za Mzee wa Kwaya, msidhani naandika kwa mshangao. Naandika kwa sababu nimechoka kusimulia kwa mdomo. Kila nikisimulia, watu wanacheka mahali ambapo mimi sicheki.

Jina lake silitaji, na mtaani kwetu hakuna aliyelitumia. Alikuwa mpiga kinanda wa kanisa la Kilutheri na mfundishaji wa kwaya, Mhaya aliyekaa Mwanza mpaka akaanza kuota kwa Kiswahili, basi kwa wote akawa Mzee wa Kwaya, hata kwa sisi ambao hatukuwa wa kanisa lake wala la mtu mwingine. Nyumba yake ilipakana na yangu. Katikati palikuwa na jiwe moja kubwa, yale mawe ya Mwanza ambayo ukitaka kujenga unayaomba ruhusa kwanza yenyewe. Mke wangu alianika dagaa juu ya lile jiwe, na huyo mzee alipofungua dirisha asubuhi, harufu ilimwingia yote. Siku moja alinijia dukani akaniambia dagaa wangu wananuka mpaka ndani ya nyimbo zake. Nikamjibu kwamba nyimbo zake nazo zinaingia mpaka ndani ya dagaa wangu. Akafikiri kidogo, akasema, "Hilo nalo ni kweli, mwanangu," akaondoka. Tangu hapo tukawa majirani.

Samaki hakula. Fikiria, mtu anaishi mahali ambapo ukitupa mkate majini unarudi na samaki, naye hali. Alitaka ndizi za kwao, zilizokuja na meli kutoka Bukoba, na meli ilipochelewa alikonda kwa makusudi ili watu waone. Mwaka ule tulipogawiwa unga wa njano, ambao hata kuku waliuangalia kwanza kabla ya kudonoa, alikula ugali wake kwa kisu na uma, amenyooka kitini, kama daktari anayepasua kitu ambacho kimeshakufa. Mimi nilimwambia njaa haina uma. Akaniambia, "Njaa haina, mimi ninao."

Alikuwa mtu wa kweli mpaka inaudhi. Niliwahi kumzidishia chenji, senti ishirini, naye alikuwa amefika nusu ya njia kwenda Bugando kumwona mgonjwa. Akageuka juani, akarudi, akaiweka ile sarafu juu ya kaunta, akaondoka zake. Wateja wakamtazama kwa heshima, kisha wakanitazama mimi kana kwamba nimemwibia. Lakini mtu huyohuyo, kwenye bao, alikuwa mwizi. Aliiba kete waziwazi, mbele ya macho yako, na ukimshika mkono alikuangalia kwa upole na kusema kwamba bao si ibada. Nilicheza naye miaka mingi na sijui kama nilimshinda hata siku moja kwa haki, wala kama yeye alinishinda kwa haki.

Kinanda chake kilikuwa kile cha kukanyaga kwa miguu, kinachovuta pumzi. Panya walikitoboa mfuko wake wa hewa, kikawa kinakohoa katikati ya nyimbo. Hakukuwa na ngozi ya kukizibia, ngozi yote ilikuwa inakwenda wapi mimi sijui. Nikampa mpira wa ndani wa gari, uliokwisha kuzibwa mara nyingi, akaukata vipande kwa wembe na kuvigandisha kwa gundi ya viatu. Jumapili iliyofuata kinanda kikaimba, ila kanisa lote likanuka gereji. Aliniita nikasimama mlangoni, akawaambia waumini, "Mnaposikia wimbo huu, nusu ya pumzi yake ni ya jirani yangu mpagani." Hilo nalo nilijivunia. Mpaka leo najivunia.

Kufundisha kwake kulikuwa kwa mwavuli. Hakuufungua hata mvua iliponyesha. Ulikuwa wa kuhesabia. Aliugonga sakafuni, na aliyekosea alielekezewa ncha yake. Kwaya ilikuwa na wauguzi, karani mmoja wa reli, mama mmoja muuza vitumbua, na fundi viatu mwenye sauti nzito ambaye akitoa sauti, maji kwenye mtungi yanatikisika. Huyo fundi alifukuzwa kwa kupiga mwayo na kurudishwa wiki hiyohiyo kwa sababu sauti kama ile haikupatikana kwa foleni. Mzee alipenda kuwaambia kwamba kimya nacho kinaimbwa. Aliwasimamisha, akanyoosha mwavuli, na wote wakanyamaza wakihesabu kwa vidole vya miguu ndani ya viatu. Nilikuwa nawaona kupitia dirishani nikipita na mkokoteni wangu wa mifuko. Watu wazima, mchana wamegombea sabuni, jioni wamesimama wanahesabu kimya. Nilidhani ni upuuzi. Bado nadhani hivyo, lakini kwa sauti ndogo.

Sasa nifike kwenye wimbo wenyewe, maana bila huo hakuna habari.

Mmisionari aliyemfundisha kinanda alimwachia kitabu cha wimbo mmoja mkubwa wa kale wa Kizungu, wa kumsifu Mungu, wa sauti nne na matarumbeta. Kitabu kikawekwa kwenye sanduku, na mchwa wa Mwanza hawana dini. Walikula upande mmoja wa kila ukurasa. Zilibaki sauti za chini, za wanaume. Za juu, za wanawake, zilikwenda na mchwa, pamoja na maelezo ya mwendo wa wimbo. Yule mmisionari alikuwa ameshakwenda kwao na kufa. Basi Mzee akakaa na zile sauti mbili zilizobaki akatunga mbili zilizokosekana. Akafundisha. Kila Pasaka wimbo ule uliimbwa, na watu walitembea kutoka hata Nyakato kuja kuusikia. Kwaya yote iliamini kwamba wanaimba kilichoandikwa kitabuni.

Haya mimi niliyajua siku aliyokuja dukani kutaka betri.

Nyakati zile betri zilikuwa dawa. Redio za mtaa mzima zilikuwa zimenyamaza kwenye makabati, zimefunikwa vitambaa vya kufuma kama maiti za wakubwa. Mzee alikuwa na redio kubwa ya mbao, ya masafa mafupi, ambayo ilikula betri sita kwa mkupuo. Aliingia kwa mlango wa mbele, jambo ambalo hakulizoea, kwa kawaida alinipigia kelele kutoka upande wa jiwe. Akasubiri wateja wapungue. Akasema:

"Mwanangu, betri unazo."

Nikamwambia sina. Kila mfanyabiashara alisema sina. Ilikuwa ndiyo salamu.

"Sikukuuliza. Nimesema unazo."

Akanieleza. Kituo kimoja cha Ulaya kilikuwa kinatangaza wiki nzima kwamba Jumamosi itakuwa siku ya muziki wa mabingwa wa kale, tangu asubuhi mpaka usiku. Yeye Kiingereza alikijua. Mtangazaji alitaja nyimbo zitakazopigwa, na wimbo wake ulikuwamo. Saa yake hakuitaja. Kwa hiyo ilimbidi asikilize kutwa, na betri alizokuwa nazo zilikuwa za kupepesa tu, zimekaribia kuisha.

Nikamwuliza wimbo anaoujua kuliko wenyewe atauhangaikia kwa nini. Ndipo akaniambia habari ya mchwa. Kisha akagusa sikio lake la kushoto. Lile lilikuwa limeshakufa, na daktari alikuwa amemwambia la kulia linalifuata.

"Nimewafundisha watu miaka yote hii," akasema, "na nusu yake nimeitoa kichwani mwangu. Wanadhani ni ya kitabuni."

"Kwani vibaya?"

"Sijui. Ndiyo maana nataka betri."

Nikaingia chumbani, chini ya kitanda changu, nikatoa sita, mpya, bado zina karatasi zake. Shilingi tatu kila moja. Akaanza kupapasa mifuko. Wateja wawili walikuwa wamerudi mlangoni, na mimi si mtu wa kuonekana mdogo mbele ya wateja. Nikamwambia achukue, mtu kama mimi hashindwi na betri. Akachukua. Aliinamisha kichwa kidogo, kama alivyoinamia kinanda kabla ya kuanza.

Jumamosi ile, kulipopambazuka tu, redio ikaanza. Kwa sababu ya sikio lake, aliifungulia mpaka mwisho na kuiweka dirishani, yeye mwenyewe akakaa nje kwenye kiti, sikio la kulia limegusa mbao. Sauti ilitoka juu ya jiwe ikateremka mtaani mpaka kwenye mwalo wa samaki. Mimi muziki ule sikuuelewa. Ulikuwa wa nyuzi nyingi zinazolia pamoja, polepole, hauna mtu anayeimba, hauna ngoma, unapanda kama mtu anayetaka kusema jambo, kisha unashuka bila kulisema. Na kila baada ya muda anatokea Mzungu mwenye sauti nzito, anaongea kidogo kwa huzuni, muziki unarudi.

Sasa mtu wa leo hawezi kuelewa, lakini sisi tulikuwa tumefundishwa na redio yetu wenyewe. Muziki wa namna ile, usio na maneno, ukipigwa kutwa, maana yake ni moja tu: amekufa mkubwa, na bado hawajataka kutuambia ni nani. Hapo ndipo wanawake wanapofunga kanga kiunoni na wanaume wanapofunga maduka nusu mlango. Na redio iliyokuwa hai mtaani ni hiyo moja.

Wa kwanza kuja alikuwa mama wa vitumbua. Alisimama, akasikiliza, akauliza kwa macho. Mzee hakumwona, alikuwa amefumba yake. Yule mama akamwona mzee mzima amefumba macho, sikio kwenye redio, akaketi chini akavua viatu. Wakaja wengine. Ilipofika saa nne uwanja kati ya nyumba yangu na yake ulikuwa umejaa watu wameketi kwenye mikeka, kimya, mikono mashavuni. Mtu akijaribu kunong'ona anaonywa kwa jicho. Nikatoka dukani nikasimama juu ya ngazi nikawaangalia. Watu wa Kirumba, ambao hata kwenye mazishi wanapiga hesabu za dagaa, wamenyamaza wanasikiliza vinanda vya Ulaya.

Mimi peke yangu nilijua. Ningeweza kuwaambia. Lakini nilimtazama Mzee. Alikuwa amefumbua macho, akawaona. Alidhani wamekuja kusikiliza. Nakwambia, sikuwahi kumwona na uso ule, hata Pasaka. Akanyanyua mwavuli wake kidogo, akauweka chini tena, kama mtu aliyekumbuka kwamba leo si kazi yake. Nikaamua kunyamaza. Kunyamaza hakuna bei, ndivyo nilivyodhani.

Alasiri akaja Balozi wetu wa nyumba kumi, Msukuma mwenzangu, mlinzi wa kiwanda cha pamba, mtu mwema ila kofia ya chama ilikuwa inambana. Nyuma yake mgambo wawili na virungu. Alikuwa ametuma mtu mjini mpaka ofisi ya chama kuuliza ni nani aliyekufa, na mtu amerudi na jibu kwamba hakuna, wakubwa wote ni wazima, na ofisi inataka kujua ni nani Kirumba anayeombolezea watu wazima. Nyakati zile jambo hilo halikuwa la kucheka. Watu walichukuliwa kwa madogo kuliko hayo, na waliporudi hawakuwa na mazungumzo mengi.

Balozi akasema redio itachukuliwa, na mwenye redio ataenda nayo kueleza. Alisema taratibu, akimtazama Mzee, na nikaona kwamba naye hakupenda. Mgambo mmoja akashika mbao.

Mzee hakuwa amesikia. Aliuona tu ule mkono juu ya redio yake, na wimbo wake ulikuwa bado haujapigwa. Akaufunika ule mkono kwa mkono wake. Hakuuvuta. Aliufunika tu.

Mimi ni mtu wa kufikiri haraka, ndivyo nilivyopata nilicho nacho. Nikashuka ngazi.

"Balozi, vua kofia."

Akanitazama.

"Mzee amefiwa. Kaka yake, huko Bukoba. Wa kanisa lao wakifiwa hawapigi ngoma wala hawapigi kelele. Wanafungulia redio."

Balozi akavua kofia. Mgambo wakavua zao, na mmoja akaegemeza kirungu chake ukutani kwa uangalifu, kama kikombe. Balozi akamshika Mzee mkono kwa mikono miwili akamwambia pole, kazi ya Mungu haina makosa. Mzee, sikio likiwa redioni, alidhani anapewa pole kwa mawimbi ya redio kukatika.

"Asante, mwanangu. Tangu saa saba inapotea, lakini inarudi."

Balozi akanigeukia, macho yamelowa. "Amechanganyikiwa," akaninong'oneza.

Sasa ndugu msomaji, uongo wa msiba si kama uongo mwingine. Uongo mwingine ukishausema unakwenda zake. Wa msiba unakaa, unataka kula. Balozi akawatangazia waliokaa kwamba msiba si wa taifa, ni wa hapahapa, wa mzee wetu. Watu wakapumua, kisha wakalia upya, maana sasa machozi yalikuwa na mwenyewe. Wanawake wakaleta kuni na unga. Balozi akapitisha sahani ya rambirambi. Na kwa desturi yetu, jirani aliyetangaza msiba ndiye wa kuchinja, na macho yote yakaja kwangu, mwenye duka. Ningefanyaje? Nilituma kwa mfugaji mbuzi mmoja, shilingi mia na arobaini, na nilimchagua mkubwa, kwa sababu nikifiwa au nikifiwa kwa uongo mimi si mtu wa mbuzi mdogo. Mchele wangu ukatoka, sukari ikatoka, majani ya chai yakatoka. Mke wangu alikuwa anapima akinitazama. Yeye ukimya wake hauimbwi.

Mzee aliona sufuria zinawekwa motoni akadhani watu wameamua kushinda mpaka usiku kwa ajili ya muziki. Alinijia mara moja tu, akanishika bega. "Sikujua," akasema. Akarudi kwenye kiti chake.

Jua lilipokuwa linakaribia kuzama upande wa ziwa, kwaya ikafika. Walikuwa wameambiwa njiani kwamba mfundishaji wao amefiwa na kaka. Wauguzi walikuja na nguo zao za kazi, fundi viatu na aproni yake ya ngozi. Walijipanga wenyewe mbele yake, bila kuambiwa, kama siku ya Pasaka. Na ndipo yule Mzungu wa redio akasema maneno machache, na Mzee akainuka kitini.

Nilijua ndio wenyewe. Hakuna aliyenieleza. Alikuwa amesimama kama mtu aliyeitwa jina lake mahakamani. Redio ikapiga matarumbeta, kisha sauti za watu, nyingi, kama za mji mzima. Akaweka sikio. Akasikiliza kidogo sana, kwa muda wa mtu kuvuka barabara. Nami nilikuwa namtazama usoni, kwa sababu betri zilikuwa zangu.

Kisha kwaya ikaanza. Walikuwa wameutambua wimbo wao, wakadhani redio inawapa mwanzo. Lakini Wazungu walikuwa mbio, na wao walikwenda mwendo wa Mzee, wa polepole, wa mwavuli. Fundi viatu alipofungua kinywa redio ikazama kabisa. Hawa wanaimba hapa, wale wako kule mbele, ni kama mikokoteni miwili kwenye njia ya mmoja. Kelele tupu. Nikapiga hatua niwanyamazishe. Nilikuwa nimetoa mbuzi, nimetoa mchele, nimemuua kaka ya mtu ili huyu mzee asikie wimbo mmoja, na sasa watu wake mwenyewe wanamzibia sikio la mwisho.

Mzee akanyoosha mkono. Akafikia kitufe cha redio, akakizungusha, akaizima.

Akaokota mwavuli. Wakafika mahali pa kimya, wote wakanyamaza, yeye akiwahesabia hewani, na hata mbwa hakubweka. Kisha akawashushia mwavuli wakaendelea mpaka mwisho.

Asubuhi yake ndipo alipojua kwamba kaka yake amefariki. Balozi alimletea sahani ya rambirambi imefunikwa kitambaa. Mzee aliniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Hakunigombeza. Aliniambia nivae viatu. Tukazunguka nyumba kwa nyumba, yeye mbele na sahani, mimi nyuma na pochi yangu, na kila mlango alisema maneno yaleyale:

"Kaka yangu ni mzima. Aliyemuua ni huyu hapa, kwa mdomo."

Watu walinitazama. Wengine walicheka mpaka wakaketi. Kuni zilikuwa zimeungua na unga umeliwa, kwa hiyo kila aliyeleta nilimlipa thamani yake papo hapo, Mzee akisimama pembeni kama hakimu. Mama wa vitumbua alikataa shilingi zake tano. Alisema rambirambi haigeuki njiani, kuipokea ni kujiitia kifo, na Mzee akaniamuru nitoe nyingine tano kutoka mfukoni mwangu nizitie kwenye kisanduku cha kanisani cha kutengenezea kinanda pamoja na za yule mama, ili nisidhani kwamba ameniokoa. Balozi naye aliamua yaishe hukohuko mtaani. Kupeleka habari ofisini kungemlazimu aeleze alivyokula paja la mbuzi.

Kuhusu wimbo hakunena tena. Nilijaribu kwenye bao, nikajaribu tukiwa kwenye foleni. Aliiba kete, akatazama mbele. Pasaka iliyofuata waliimba ule ule, mwendo ule ule. Kisha sikio la kulia nalo likafa, kinanda akapewa kijana mmoja kutoka chuoni, na binti yake akaja kumchukua. Jiwe likabaki la dagaa peke yao. Mke wangu alisema afadhali. Mimi nilikuwa nachoka tu, kila mwaka kidogo, kama watu wote.

Nilimwona tena mara moja. Pikapu yangu ilikuwa imepasuka mpira pale Usagara, njia panda, na nilikuwa natafuta chai. Binti yake alikuwa na hoteli ndogo ya mabati, na kwenye baraza nikamwona, amepungua, amevaa koti. Redio ya mbao iko juu ya meza mbele yake, kimya. Nikamwamkia. Alinisoma mdomo.

"Marahaba, muuaji," akasema, kwa sauti kubwa ya viziwi, na wanywa chai wote wakageuka.

Nikaketi. Nikamwuliza polepole, nikifungua mdomo sana, lile nililotaka kumwuliza miaka yote. Siku ile, kabla hawajaanza, alisikia?

"Nilisikia."

"Zile sauti za wanawake, zilikuwa kama zako?"

"Hata kidogo." Akanywa chai. "Zao ni nzuri zaidi."

Nikamwuliza sasa kwa nini akazima. Mtu amengoja maisha yake yote, anapewa, anazima. Akanitazama kama anavyotazamwa mtu wa darasa la tatu asiyelimaliza.

"Watu walikuwa wanaimba," akasema.

Hapo, nakiri, lile neno langu la mwanzo, kwamba sishangai, lilitikisika kidogo. Nikageuza mazungumzo nikamwuliza redio ina nini. Akasema betri zimekwisha tangu masika, na binti yake anaona ni upotevu kumnunulia kiziwi betri. Nami nikamwambia, nikicheka, kwamba binti ana akili. Kiziwi na redio ya nini?

Akaipapasa ile mbao kwa kiganja.

"Mimi siisikii, mwanangu. Lakini ikilia, watu huja wakakaa."

Nikavuka barabara. Kulikuwa na kibanda kimoja chenye betri, na mwenye kibanda aliniambia sina, nami nikamwambia sikukuuliza. Bei yake ilikuwa ya kunyonga. Nilichukua sita. Nikarudi nikaziweka kwa mkono wangu, nikazungusha kitufe mpaka mwisho, na kabla sijamaliza chai yangu mama mmoja mwenye kapu la nyanya alikuwa ameshatua kapu, ameketi.

Jumla yote, tangu betri za kwanza, na mbuzi, na mchele na sukari na chai, na kuni na unga wa watu, na zile tano za kisanduku, mpaka hizi sita za Usagara, yule mzee amenigharimu shilingi mia tatu thelathini na tano na senti hamsini.